Darajani inaoza huku tunatazama: samaki bila barafu, mifereji iliyoziba na zafarani ya uongo

Wakuu, salamu.

Nafungua uzi huu kwa hasira. Kila anayesema neno juu ya hali ya Soko Kuu la Darajani, Unguja, anajibiwa jibu lile lile: "Soko kongwe hilo, la tangu enzi za masultani, mlitaka liweje?" Jibu hilo linanikera kuliko uvundo wenyewe. Soko lilijengwa mwaka 1904, zama za Sayyid Ali bin Hamoud, likaitwa Estella Market, na waliolijenga walijua wanachofanya. Walijenga kumbi ndefu zenye mapaa ya juu ili joto lipande na upepo upite. Zaidi ya miaka 120 baadaye jengo bado limesimama. Uzee wa jengo haumlazimishi mtu kumwaga samaki juu ya saruji saa 3 asubuhi bila hata konzi moja ya barafu. Hayo tunayafanya sisi, leo, kwa mikono yetu.

Nianze na samaki, maana huko ndiko mtu anakoumia.

Samaki akifika Darajani huwa amekwisha safari mbili, ya baharini na ya barabarani. Aliyevuliwa usiku upande wa Nungwi, akashushwa dikoni alfajiri, akapakiwa kwenye gari na kuja mjini karibu kilomita 60, anafika ana saa 6 mpaka 8 tangu atoke majini. Nyama yake ikiwa na joto la nyuzi 28 au 30, saa hizo ni nyingi mno. Changu au chewa huyohuyo angelazwa kwenye barafu tangu chomboni angekaa siku 10 na zaidi akiwa salama kuliwa. Kinachoamua ni barafu ilianza lini na ilikuwa kiasi gani. Kipande kimoja kilichotupwa juu ya kikapu ili mnunuzi akione si barafu, ni pambo.

Kipimo kinajulikana. Kwa joto letu ni kilo 1 ya barafu kwa kilo 1 ya samaki. Wanaosema huo ni ubadhirifu wafanye hesabu: kumshusha samaki wa kilo 1 kutoka nyuzi 30 mpaka 0 kunayeyusha kama gramu 330 za barafu. Zinazobaki ni za kupambana na joto linaloingia kwenye sanduku mchana kutwa. Barafu ya bonge ipondwe iwe vipande vidogo, kwa sababu bonge zima linamgusa samaki sehemu mbili tatu tu na linamchubua ngozi. Tabaka la kwanza liwe chini ya sanduku, halafu samaki, halafu barafu, na juu kabisa barafu tena. Samaki aliyetolewa matumbo alazwe tumbo likiwa chini ili maji yasituame ndani yake. Chini ya sanduku liwepo tundu, na tundu hilo lisizibwe kwa kitambaa, maana maji ya barafu yanayoteremka yanabeba damu na ulenda. Ukiyazuia, samaki wa chini wanaogelea kwenye supu ya vijidudu.

Mnada wenyewe sina ugomvi nao. Mnadi anaita bei, wachuuzi wanapandishiana, fungu linaondoka ndani ya dakika chache. Ni mfumo wa haraka na wa haki kuliko mingi. Ugomvi wangu ni sakafu. Sakafu hiyohiyo inakanyagwa na viatu vilivyotoka barabarani, inapita hamali na gari lake, inamwagikiwa maji ya kuoshea matumbo, halafu jodari wa kilo 20 analazwa hapo hapo. Meza ya saruji iliyopigwa vigae, yenye kimo cha kiuno, ukingo wa kuzuia samaki asianguke na mkondo wa kutolea maji upande mmoja, ni kazi ya fundi mmoja na vibarua wawili. Hakuna ujuzi wa ajabu hapo.

Halafu ile ndoo. Mchuuzi ana ndoo moja ya maji tangu alfajiri, na kila samaki akianza kufifia anamrashia. Saa 4 asubuhi maji yale yamekuwa ya kijivu. Kumrashia hakumpoozi samaki. Kunamng'arisha machoni mwa mnunuzi na kumhamishia uchafu wa wenzake wote waliopitia kwenye ndoo ile. Mnunuzi akiona samaki anang'aa kwa maji ilhali hakuna barafu popote, apite.

Sasa mnisikilize vizuri kuhusu jodari na vibua. Nyama ya samaki wa jamii hizi ikikaa kwenye joto, bakteria huzalisha histamini. Sumu hiyo haifi kwa moto. Umkaange samaki mpaka akauke, umpike mchuzi wa nazi saa nzima, umweke kwenye friza mwezi mzima, iko palepale. Na samaki huenda bado hajaanza kunuka. Aliyekula anashikwa ndani ya dakika chache mpaka saa moja au mbili: uso unawaka na kuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, wengine hutapika na kuharisha. Wengi hudhani ni aleji ya samaki, wanaacha kula samaki maisha yao yote, kumbe kosa lilikuwa barafu iliyokosekana dikoni. Akianza kubanwa pumzi, hospitali mara moja, msianze kumnywesha maziwa.

Kuchagua: jicho liwe limetuna na mboni iwe nyeusi; likizama na kuingia ukungu, mwache. Fungua matamvua mwenyewe, usikubali ufunguliwe na muuzaji. Yawe mekundu na ulenda mwepesi, yakiwa na rangi ya udongo ameshapita. Na unuse hapohapo kwenye matamvua, usinuse ngozi, kwa sababu ngozi imeshaoshwa mara kumi. Bonyeza mgongoni penye nyama nene. Shimo la kidole lisiporudi, mwache. Tumbo likiwa limepasuka lenyewe, hasa kwa dagaa na vibua, usijadili bei. Ukiuziwa vipande vya nguru au jodari vilivyokwisha katwa, hayo yote umenyimwa, umebaki na rangi ya nyama tu. Nunua mzima, akatwe mbele yako.

Maji na mifereji. Anayeshangaa kwa nini pale maji hayaondoki akumbuke jina la mahali. Paliitwa Darajani kwa sababu palikuwa na daraja, na daraja lilikuwepo kwa sababu mkono wa bahari ulitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono ule ulifukiwa karne iliyopita, na barabara iliyoitwa Creek Road, leo Benjamin Mkapa, inapita hapo. Ardhi ya kufukia iko chini. Mvua za masika zikigongana na bamvua, yaani maji makuu ya bahari kujaa, mfereji unaotegemea kuteremka kwenda baharini hauna pa kuteremkia. Kwa hiyo soko hili kuliko jingine lolote lilihitaji mifereji iliyo safi kila siku, na ndiyo kwanza tunaigeuza jaa.

Kinachoziba ni magamba, matumbo, manyoya ya kuku, maganda ya nazi na mifuko. Magamba hayaozi upesi, yanalaliana kama vigae, mafuta ya samaki yanayagandisha, na baada ya hapo hata maji safi hayapiti. Dawa yake haina siri: wavu wa chuma kwenye kila mdomo wa mfereji, wenye matundu yasiyozidi sentimita 1, na kikapu chini yake kinachotolewa na kumwagwa mara mbili kwa siku. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita 1 kuelekea mferejini. Mahali penye mashimo pazibwe kwanza, maana shimo la ukubwa wa sahani linatunza maji ya damu wiki nzima.

Na kuosha kuna utaratibu. Kinachofanyika sasa ni kumwaga maji mengi, kusukuma uchafu mpaka kona nyingine, kisha mtu anamimina dawa ya klorini juu ya damu na watu wanaridhika kwa sababu panatoa harufu ya hospitali. Klorini ikikutana na damu na mafuta inamalizika nguvu hapohapo, vijidudu vinabaki. Zoa vikavu kwanza. Kwangua meza na sakafu. Mwaga maji, piga brashi kwa sabuni, suuza. Ndipo uje na klorini: ile ya chupa yenye nguvu ya asilimia 5, mililita 40 kwenye maji lita 10, iachwe dakika 10, halafu isuuzwe. Ukichanganya tangu asubuhi kwenye ndoo iliyo juani, mchana unamwaga maji matupu.

Upande wa nyama nitasema moja tu, gogo. Gogo la kukatia lililopasuka linashika nyama na mafuta ndani ya nyufa, na kitambaa hakifiki huko. Likwanguliwe kila jioni kwa brashi ya chuma, lipakwe chumvi ya mawe usiku, na lichongwe uso kila nyufa zinapoanza kuonekana. Gogo lisilochongeka tena ni kuni.

Nije kwa viungo, kwa sababu hapa ndipo tunapojivunjia heshima mbele ya wageni. Watu wanatoka Ulaya na Amerika wameambiwa wanakuja Kisiwa cha Viungo, Mji Mkongwe umo katika orodha ya UNESCO tangu mwaka 2000, na wanaishia kuuziwa pakiti ya "zafarani ya Zanzibar". Zanzibar hailimi zafarani! Kinachokuwa ndani mara nyingi ni maua ya alizeti-miba (safflower), au uzi wowote uliotiwa manjano au mzingifuri. Weka nyuzi mbili kwenye maji ya uvuguvugu. Zafarani halisi hutoa rangi taratibu, ya dhahabu, na uzi wenyewe unabaki mwekundu. Ya uongo inamwaga rangi papo hapo na uzi unabaki umepauka.

Karafuu nazo zinachezewa. Zilizokwisha kukamuliwa mafuta zinakaushwa tena na kuchanganywa. Tia kwenye glasi ya maji: nzuri inazama au inasimama wima kichwa juu, iliyokamuliwa inaelea ikiwa imelala. Ukibonyeza shina kwa ukucha, mafuta yaonekane. Kwenye pilipili manga wanatia mbegu za papai zilizokaushwa. Mwaga kwenye maji, mbegu za papai zinaelea, pilipili nzuri inazama. Unga wa manjano au mchanganyiko wa pilau uliokaa juani kwenye mfuko unaopitisha mwanga miezi mingi umebaki vumbi la rangi tu. Nunua vizima, saga nyumbani. Hiliki ipasue punje moja, mbegu ziwe nyeusi na zinanata kidogo. Zikiwa za kijivu na kavu, zimeisha.

Wauza viungo waaminifu wapo, na ndio wanaoumia. Anayewaharibia zaidi ni papasi, yule dalali wa watalii wa mitaani. Anamchukua mgeni barabarani, anamwongoza mpaka meza anayoijua, na fungu lake linaongezwa juu ya bei bila mgeni kujua. Mgeni akigundua, analaumu soko zima. Mgeni anayesoma hapa: ingia peke yako, saa 1 asubuhi, ulizia bei kwenye meza tatu kabla ya kutoa pochi, na ukitaka kupiga picha ya mtu omba kwanza. Vaa viatu vilivyofunika vidole. Mizani ya kuning'iniza itazame kabla ya kupakiwa kitu; mshale uwe kwenye sifuri. Chupa ya maji ya lita 1.5 isiyofunguliwa ina uzito wa kilo 1.5 na kidogo, itundike hapo. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Najua watakuja wa kusema tusubiri soko jipya. Masoko mapya yajengwe, vizuri sana. Lakini uhamishe mnada uleule wa sakafuni na ndoo ileile kwenye jengo la vioo, miaka mitano tu utakuwa na Darajani nyingine yenye lifti. Wanaokusanya ushuru wa meza kila siku wabandike ukutani, kwa Kiswahili, ratiba ya kuosha: saa ngapi, nani, mfereji gani. Mashine ya kuponda barafu iwe ndani ya soko, mchuuzi wa fungu dogo aweze kununua kilo 5 bila kulazimika kuchukua bonge zima. Mnadi asiruhusiwe kuita bei ya samaki aliyelala chini.

Mwenye kipimajoto cha chakula, kile cha sindano, aende nacho asubuhi yoyote, aombe ruhusa ya muuzaji, akichome penye nyama nene ya mgongo, halafu arudi hapa aandike: samaki gani, saa ngapi, nyuzi ngapi, alikuwa kwenye barafu au kwenye saruji. Tukipata vipimo 50 vya namna hiyo tutavichapa na kuvipeleka ofisi ya soko, tuone watajibu nini.