Mnaotyuni kwa kompyuta kwenye satelaiti, acheni kutufukuza sisi wa mkono

Wakuu habari zenu. Hili jambo limenikaba tangu jana, leo nalitoa lote: ugomvi kati ya wanaofuata masafa ya satelaiti kwa kompyuta na sisi tunaoyazungusha kwa mkono. Wa redio za ridhaa mtanielewa, wengine mnivumilie.

Jana RS-44, satelaiti ya redio za ridhaa, ilipita vizuri sana huku Dar, ikipanda kutoka kusini kuelekea Ghuba. Mpito wa namna hiyo unakufungulia Afrika Kusini, Réunion, Oman na India kwa wakati mmoja, na sisi wa Afrika Mashariki tulivyo wachache hewani, kila mpito ni mali. Kuna bwana mmoja, jina naliacha, akapiga kambi katikati ya transponda (mtambo wa satelaiti unaopokea sauti zetu na kuzirusha tena chini) anaita CQ, yaani anaita yeyote amjibu. Tukamjibu watu kadhaa. Hasikii. Anaita tena, tunajibu tena, kimya. Mwenzetu mmoja akaamua kusogeza masafa yake ya kurushia karibu kHz 2, papo hapo akajibiwa! Maana yake kipokezi cha yule bwana hakikuwepo kabisa pale sauti yake ilipokuwa inashukia. Programu inamzungushia masafa, yeye ameridhika, na kujisikia mwenyewe hajisikii.

Usiku akaingia kwenye kundi akaandika kwamba wanaotyuni kwa mkono ndio wanaoharibu satelaiti, na asiye na redio ya kuunganisha na kompyuta abaki kwenye satelaiti za FM, zisizodai kutyuni kwa makini. Watu wakamuunga mkono. Hicho ndicho kilichonichefua zaidi.

Tuongee kwa hesabu basi. Satelaiti za mizunguko ya chini zinakwenda zaidi ya km 7 kwa sekunde, kwa hiyo masafa unayosikia yanakuwa juu inapokuja na yanaporomoka inapopita. Ukisikiliza ISS, kituo cha anga cha kimataifa, kwenye 437.800 MHz, tofauti inafika kama kHz 10 kila upande, na ikiwa juu ya kichwa inaweza kubadilika karibu Hz 200 kila sekunde. Lakini pale ni FM, hatua za kHz 5 zinatosha. SSB, aina ya kurusha sauti tunayotumia kwenye RS-44, haina uvumilivu huo, ukikosea Hz 100 tu sauti imeanza kuharibika. Sasa RS-44 iko juu zaidi, kati ya km 1,200 na 1,500 hivi. Hata ikipita utosini, mabadiliko kwenye 435 MHz hayafiki Hz 60 kwa sekunde. Mkono wa mtu unaiweza hiyo, tena vizuri tu!

Na mkono una kanuni yake ya miaka mingi: masafa ya chini unayaacha yatulie, unazungusha ya juu. RS-44 unarusha kati ya 145.935 na 145.995 MHz kwa LSB, inashusha kati ya 435.610 na 435.670 MHz kwa USB (LSB na USB ni pande mbili za SSB, wa chini na wa juu), basi unaifukuza 435. AO-7, satelaiti nyingine ya ridhaa, ni kinyume: unapandia 432, unasikiliza 145, kwa hiyo unachozungusha ni cha kurushia. Hiyo AO-7 ilirushwa Novemba 1974, betri zikaifia 1981, ikaamka 2002 na tangu hapo inafanya kazi ikipigwa na jua. Mnataka kuniambia waliokuwa wakiongea kupitia kwake mwaka 1975 walikuwa wanaiharibu?

Kompyuta siipingi. Kituo kinachorekebisha masafa ya kurushia na ya kupokelea kwa pamoja, ili masafa yabaki palepale ndani ya satelaiti, kinafanya kazi safi kuliko mkono, na wawili wenye mfumo huo wanaongea mpito mzima bila kugusa kitu. Ni kweli pia kwamba sisi tukiacha 145 imesimama, ndani ya satelaiti tunasogea taratibu, karibu kHz 3 kila upande kwa RS-44, na mzembe atamwingilia jirani. Ndiyo maana mtu wa mkono anayejua kazi akisikia sauti yake inaachana na ya mwenzake anaisukuma na 145 kidogo. Analijua hilo kwa sababu amevaa hedifoni na anajisikia akirusha.

Kompyuta inakisia satelaiti iko wapi, basi. Saa yake ikichelewa sekunde 10, RS-44 ikiwa karibu nawe umeshakosea kama Hz 500, na kwa satelaiti ya chini zaidi inakuwa mbaya mara kadhaa. Ongeza data za mzunguko ambazo hazijasasishwa, kristali ya redio iliyohama kwa joto, na mtu aliyewasha marekebisho ya kupokea akasahau ya kurusha. Programu karibu zote zina mahali pa kusahihisha tofauti hizo. Lakini utasahihisha nini kama hujasikia umekosea kiasi gani?

Halafu msinipe kile kisingizio kwamba "nikirusha kipokezi kinazibwa". Najua, 145 mara tatu ni 435, kwa hiyo mwangwi wa unachorusha unaangukia pale unaposikiliza. Dawa yake ni chujio, antena kutenganishwa vizuri na wati kupunguzwa. Na hizo wati zipunguzwe kwa vyovyote, maana transponda ni moja, anayerusha kwa nguvu kubwa anawafifisha wote walio na wati 5.

Ninachodai ni hiki. Kabla ya kuita CQ, kwa mkono au kwa kompyuta, nenda sehemu tupu, piga nukta chache za Morse kwa nguvu ndogo, jitafute, sahihisha, ndipo uongee. Usipojisikia, usiite. Na wasimamizi wa lile kundi waifute ile kauli ya kuwafukuza watu, kwa sababu kuna vijana wanaosoma pale na wanaamini bila vifaa vya mamilioni hawaruhusiwi kugusa SSB.

Kijana uliye na redio ndogo ya FT-817 ya kurushia na kidude cha RTL-SDR, kipokezi cha kuchomeka kwenye kompyuta, cha kusikilizia, anza na RS-44. Sikiliza kwanza ishara yake ya utambulisho (beacon) kwenye 435.605 ujue imeshapanda, kisha simamisha 145 yako, jitafute kwenye 435 na uite. Ukifukuzwa na mtu, njoo uandike hapa siku hiyohiyo, na saa ya mpito uiweke.