Tupeane uzoefu: Maktaba ya chuo chenu ilipokarabatiwa, usomaji ulibadilika vipi?

Mleta mada

Wadau, habari za majukumu. Mimi ni mkutubi katika chuo kikuu kimoja cha umma hapa Tanzania, na nimo katika kamati inayopanga ukarabati wa maktaba yetu. Tarehe 27 Novemba 2018 ilizinduliwa maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na ni haki kila chuo kutamani jengo la aina hiyo. Hata hivyo, wengi wetu tutaendelea na majengo yaliyosanifiwa zama za kadi za katalogi, yaani kadi za karatasi zilizoorodhesha vitabu, msomaji alipohitaji meza, taa na kimya, wala hakuna aliyewaza kwamba siku moja kila kiti kitahitaji soketi. Naamini kwa dhati kuwa majengo hayo bado yanaweza kutufaa, mradi wanaoyatumia waulizwe kabla fundi hajaitwa. Naomba mliopitia ukarabati mweleze kilichofaa na kilichokwama, bila kutaja chuo pale penye lawama.

Mkutubi mstaafu, Pwani

Ahsante mleta mada. Nilisimamia uhamishaji wa vitabu wakati jengo letu lilipofumuliwa, na ushauri wangu wa kwanza ni kwamba muanze na umeme, kisha ndipo mfikirie kompyuta. Soketi zetu zilikuwa chache na zote ukutani, kwa hiyo wanafunzi waligombea meza za pembeni, na wengine waliburuta nyaya za eksitensheni katikati ya njia. Kupitisha nyaya chini ya sakafu kulilazimu rafu zote ziondolewe, nasi tukaitumia nafasi hiyo kuhamishia kumbukumbu zetu kwenye Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Kitabu kinashikwa mkononi, kinalinganishwa na kadi yake, kinabandikwa msimbo pau, kisha kinaingia kwenye sanduku lililoandikwa namba ya kitabu cha kwanza na ya kitabu cha mwisho. Hapo ndipo zilipojitokeza kadi zisizo na vitabu, na vitabu ambavyo havikuwahi kuwa na kadi.

Jambo jingine ni hewa, hasa kwetu sisi wa Pwani. Viyoyozi vipya vilikuwa vikiwashwa mchana na kuzimwa jioni. Hewa yenye unyevu iliingia usiku na kukutana na karatasi zilizopoa, na baada ya masika ukungu ukaota kwenye majalada. Tulilazimika kuweka mashine za kupunguza unyevu na kuzisogeza rafu mbali na kuta za nje. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa sababu mkandarasi akishakabidhi jengo, hakuna atakayeikumbuka.

Mwanafunzi wa uzamili, asiyeona

Nashukuru kwa mada hii. Ukarabati uliniletea kompyuta zenye NVDA, programu isiyouzwa inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini, nikaacha kusubiri mpaka mwenzangu apate nafasi ya kunisomea. Lakini meza za magurudumu, ambazo kila mgeni huzisifu, zilinitesa sana. Nilikuwa nimeishika kichwani njia ya kutoka mlangoni hadi dawati la huduma. Kikundi kikisogeza meza ili kijadiliane, njia hiyo inapotea, na fimbo yangu inagonga viti ambavyo asubuhi havikuwapo. Tuliomba iachwe njia moja isiyowekwa samani wakati wowote, itandazwe vigae vyenye matuta yanayohisika kwa mguu, na uongozi ukakubali. Tangu hapo natembea peke yangu. Kamati yenu iichore njia hiyo kabla ya kuagiza meza hata moja. Vilevile, kitabu kilichoskaniwa kikabaki picha tupu hakinisaidii. Lazima kigeuzwe kuwa maandishi ndipo programu iweze kukisoma.

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu

Kwetu ukumbi uligawanywa kwa kuta za vioo ili vipatikane vyumba vya majadiliano. Vinapendeza, lakini vioo havikufika darini, kwa hiyo ubishi wa kikundi kimoja unasikika ukumbi mzima, na walinzi wanatutoa. Tumerudi kwenye vimbweta, yaani meza na viti vya kusomea vya nje, chini ya miembe, na huko tunajadiliana vizuri mpaka mvua inyeshe au giza liingie. Naomba kamati itambue kwamba kimbweta ni sehemu ya maktaba. Kikipewa paa, taa, soketi na intaneti ya chuo, kitahudumia kikundi kizima bila kumsumbua anayesoma ndani, tena wakati wa mitihani ndiko tunakoshinda.

Mkenya aliye Glasgow

Naunga mkono hoja ya sauti. Hapa Chuo Kikuu cha Glasgow Caledonian, Uskoti, maktaba imo katika jengo la Saltire Centre, lililofunguliwa mwaka 2006. Ghorofa ya chini ni ya mazungumzo na kazi za vikundi, na kadiri unavyopanda ndivyo kimya kinavyozidi. Mwanafunzi anachagua ghorofa kulingana na kazi aliyo nayo, na sijaona ugomvi.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Katika kikao kijacho nitaomba vimbweta viingizwe kwenye michoro, na njia ya wenzetu wasioona itangulie orodha ya samani. Mzee wangu mstaafu, shikamoo. Naomba kuuliza, masanduku yenu yalikuwa ya ukubwa gani?

Mkutubi mstaafu, Pwani

Marahaba. Chukueni madogo, ambayo mtu mmoja anaweza kushuka nayo ngazi akiwa anaona anapokanyaga. Yale makubwa yalipasuka chini, vitabu vikamwagika na mpangilio ukavurugika.