Je, "tawi lisilozaa" katika Yohana 15:2 ni mtu asiye na mtoto?

Mama wa Hombolo

Bwana Yesu asifiwe. Ninaongoza kikundi cha akina mama cha kujifunza Biblia hapa Hombolo, na juma lililopita tulisoma Yohana 15, pale Yesu anapojiita mzabibu na wafuasi wake matawi. Tulipofika aya ya 2, "Kila tawi ndani yangu lisilozaa huliondoa", mmoja wetu alisema kwamba aya hiyo inaonyesha jinsi Mungu anavyomwona mwanamke asiyezaa. Wifi yangu alikuwa amekaa pale pale. Ana miaka tisa katika ndoa na hajajaliwa mtoto. Aliinamisha kichwa mpaka mwisho wa kipindi, na juma hili hakuja. Nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu, na kunyamaza kwangu kunaniumiza kuliko maneno yaliyosemwa. Naomba nielezwe tawi hili ni nani, na kama kweli Mungu humwondoa mtu aliye ndani ya Kristo.

Mwalimu wa Biblia, Dodoma Mjini

Dada yangu, pole sana, na umfikishie wifi yako pole zangu. Ugumu mmoja wa aya hii umetokana na Kiswahili chetu wenyewe, kwa sababu kwetu mwembe huzaa na mama naye huzaa. Yohana aliandika kwa Kigiriki, na hapa ametumia maneno yenye maana ya kubeba tunda. Habari za kujifungua zina kitenzi chake kingine, na Yohana anakitumia katika sura inayofuata, 16:21, anapomtaja mwanamke mwenye utungu. Msomaji wa Kiswahili anakutana na "kuzaa" mahali pote pawili, akadhani ni jambo moja. Msomaji wa Kigiriki hawezi kuyachanganya.

Tena angalia walioambiwa maneno hayo. Ni wale wanafunzi kumi na mmoja, usiku ule wa mwisho, Yuda akiwa ameshatoka nje (13:30). Tunda linalotajwa linaelezwa katika aya za 9 hadi 12, nalo ni kukaa katika pendo na kuzishika amri. Hata katika Isaya 5, ambako Israeli ndiyo shamba la mizabibu, Mungu alikuwa akitazamia haki, akakuta dhuluma na kilio. Sioni mahali popote katika mfano huu ambapo tunda ni mtoto.

Msomee wifi yako Isaya 56:3-5. Towashi, ambaye hakuweza kupata mtoto kabisa, anakatazwa asiseme "Mimi ni mti mkavu", kisha Mungu anamwahidi ndani ya nyumba yake jina lililo bora kuliko kuwa na wana na binti. Aliyesema yale maneno katika kikundi chenu alimwita wifi yako kwa jina ambalo Mungu amelikataza.

Mchungaji mstaafu, Mvumi

Nakubaliana na mwalimu kuhusu neno kuzaa. Kuhusu swali la pili, wako wanaofundisha kwamba "huliondoa" ingefaa kutafsiriwa "huliinua", yaani mkulima huliinua tawi lililolala chini ili lipate jua. Kitenzi chenyewe, airei, kinaruhusu maana zote mbili: katika Yohana 11:39 kinatumika kwa kuliondoa jiwe la kaburi, na katika 11:41 kwa Yesu kuinua macho. Hata hivyo Yohana amekiweka sambamba na kathairei, "hulisafisha", maneno mawili yanayofanana sauti na kupingana maana, na aya ya 6 inaendelea kusema juu ya kutupwa nje na moto. Tusiilainishe aya kwa sababu inatuumiza.

Kama aya ya 6 inamhusu aliyeokoka kweli akapotea, au aliyeonekana tu kuwa ndani, makanisa hayajakubaliana. Mwaka 1610 wafuasi wa mwanatheolojia Jacobus Arminius kule Uholanzi waliandika kwamba jambo hilo lichunguzwe zaidi katika Maandiko. Sinodi ya Dort, yaani mkutano mkuu wa kanisa uliofanyika huko huko Uholanzi mwaka 1618 na 1619, ikaamua kwamba mwamini wa kweli hapotei. Mimi naliona kama onyo la kweli, na jirani yake ni ahadi ya Yohana 10:28, kwamba hakuna atakayewapokonya kondoo katika mkono wa Yesu. Yuda alikuwa ametoka chumbani muda mfupi tu. Nadhani baadaye wale kumi na mmoja walielewa bila kuelezwa kwamba yeye alikuwa tawi la namna hiyo.

Mkulima wa zabibu, Mpunguzi

Mchungaji, shikamoo. Naomba niongeze la shambani. Sisi matawi tunayainua na kuyafunga kwenye waya, ni kweli, lakini tawi lililokauka hakuna anayelifunga. Linakatwa na kuchomwa ili lisieneze magonjwa. Mti wake hautoi hata mpini wa jembe, kama Ezekieli 15 inavyosema kwamba haufai hata kigingi cha kutundikia chombo.

Lakini tawi zuri nalo linakatwa. Hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kabla ya kila msimu tunapogoa, tukiacha macho machache tu, yaani sehemu za tawi zinazochipua, kwa sababu vichala hutoka kwenye machipukizi mapya. Siku ya kupogoa shamba zima linaonekana limekufa. Mpita njia hawezi kujua tawi lipi limeondolewa na lipi limesafishwa, kwa kuwa kisu ni kile kile. Aya ya 1 inasema mkulima ni Baba. Yule mama katika kikundi alikuwa mpita njia, akatoa hukumu juu ya shamba lisilo lake.

Mama wa Hombolo

Asanteni sana, mwalimu, mchungaji na kaka mkulima. Jana jioni nilikwenda kwa wifi, nikamsomea Isaya 56 na kumwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Aliniomba nirudie aya ya 5 mara mbili. Alhamisi tutaisoma Yohana 15 upya katika kikundi, tukianza na 16:21, na yule mama aliyesema nimemwomba afike. Wifi amesema atakuja iwapo nitakaa karibu naye.