Idara ya uhandisi chuoni yapata wapi pesa?

BintiShela
Asalaam aleikum jamani. Mwanangu yuwasoma uhandisi wa mitambo chuo kimoja cha umma, yuko mwaka wa tatu, chuo chenyewe sikitaji. Juzi kaja likizo hapa Lamu anambia mashine za kukereza kwenye karakana yao izungukayo ni moja tu, mmoja ashika wengine wasimama nyuma wapiga picha na simu ndo wakaandikie ripoti. Sasa karo twalipa, HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, yuwakopa, serikali nayo yasema yachangia. Hizo pesa zaenda wapi? Kwani idara haina bajeti yake? Nielezeni taratibu mimi si mtu wa hesabu.

Karakana_Coast
Waaleikum salaam mamangu. Mi ni teknishan, sio chuo cha mwanao lakini mambo ni yale yale. Bajeti iko. Mwaka wa fedha unaanza Julai, so miezi kadhaa kabla chairman wa idara anatwambia tuandike mahitaji, vyuma, waya wa kopa, gesi, vijiti vya kuchomelea, saruji ya wale wa sivil. Inaenda kwa dean, mkuu wa skuli ya uhandisi, inaenda fainansi, ikirudi ishakatwa. Na hiyo iliyobaki ni namba tu kwenye voti, yaani fungu la idara kwenye vitabu, sio pesa. Pesa zote za chuo ziko kapu moja na anayekula kwanza ni mishahara, halafu pensheni, stima, madeni, sisi wa vijiti tunangoja mwisho. Unaomba kitu semista ya kwanza kinakuja ya pili wakati hiyo praktiko ishapita. Halafu ikikaribia 30 Juni unaambiwa voti inafungwa, nunueni haraka, mnanunua kile sapulaya anacho. Kwetu store imejaa makopo ya rangi na hakuna mtu anapaka kitu.

MtuWaLangoni
Maneno mengi. Pesa zaliwa, kwisha.

MstaafuMalindi
Wizi hatukatai, lakini hata kusingekuwa na mwizi hesabu haingetosha. Mimi nimefundisha uhandisi miaka mingi kabla ya kurudi zangu Malindi. Zamani serikali ilitoa pesa sawa kwa kila kichwa, awe asoma historia awe asoma umeme, na mwanafunzi alipa shilingi 16,000 kwa mwaka. Wa historia ataka kiti na ubao, huyu wa umeme ataka maabara! Kilichotuokoa ni paralelo, masomo ya wanaojilipia, ilianza 1998 pale Nairobi vyuo vingine vikafuata, wale walilipa karo kamili na idara ikapata fungu lake, vifaa vingi mnavyoviona vilinunuliwa enzi hizo. Tangu 2016 KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ikakazwa, waliopata C+ ya kuingilia chuo kikuu wakapungua sana, na serikali ikaanza kupeleka wanafunzi wake vyuo vya kibinafsi pia, paralelo ikafa. Ndo kukaja hesabu ya kila kozi na gharama yake, serikali ikaahidi asilimia 80 ya gharama hiyo, haikuitimiza. Walioingia kuanzia 2023 kama mwanao hawana tena ule mgao wa chuo, pesa yamfuata mwanafunzi, skolashipu na mkopo na cha mzazi. Ikichelewa skolashipu, karakana yalala.

Ukitaka kuona pesa ikipatikana ghafla ngoja Bodi ya Wahandisi waje kukagua kozi. Kozi isiyo na idhini yao, mtoto atatoka na digrii asajiliwe uhandisi kwa tabu, hapo chuo hakichezi.

BintiShela
Shukran mwalimu. Basi nikuulizeni na hili. Mwaka jana mwanangu alifanya atachimenti, mazoezi ya kazi, huku kwetu, msimamizi wake wa chuo akapiga simu kuwa hawezi kuja, imprest, pesa ya safari, haijatoka, akamkagua kwa simu dakika kumi. Na kwenye karo mstari wa atachimenti nimeulipa mie mwenyewe.

Karakana_Coast
Huo mstari nao unaingia kapu lile lile mamangu. Lekchara akija Lamu ni basi mpaka Mokowe, boti, kulala, perdiemu, na fainansi wanaangalia huyo ni mwanafunzi mmoja. Wa Mombasa wanakaguliwa wanane kwa siku moja. Mwambie akipangiwa tena aombe barua ya idara mapema, na nyinyi wazazi ulizeni kwa maandishi huo mstari ulitumika vipi, barua ya mzazi wanaiogopa kuliko memo yangu.

MtuWaLangoni
Si nilisema.