Naomba ushauri: Kemia nadharia 58, ripoti inasema D

Habari zenu wakuu. Binti yangu yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Mtihani wa muhula Kemia kapata 58 kwa 100 kwenye nadharia, mimi nikajua ni C. Ripoti ikaja na 43, D.

Mwalimu wa somo kanieleza vizuri tu: wanafuata mtindo wa NECTA (Baraza la Mitihani), nadharia 100, vitendo 50. Vitendo kapata 7, kwa hiyo 65 kwa 150, yaani asilimia 43. Hesabu haina ubishi, na C inaanzia 45.

Kinachoniuma ni hiyo 7. Maabara yao bureti moja (ule mrija wenye koki wa kupimia kimiminika) wanazunguka watu kumi, mmoja anafungua koki, waliobaki wanachungulia rangi ikibadilika na kunakili namba. Siku ya mtihani kila mtu na bureti yake. Hapo unapima nini hasa?

Walimu mliomo humu, je, shule inaruhusiwa kupunguza uzito wa vitendo kwenye mitihani ya ndani? Au nikomae na uongozi wanunue vifaa? Na nje ya shule, mtoto atajifunzia wapi taitresheni (hilo zoezi la bureti) kabla ya kidato cha nne? Tuisheni za mtaani nyingi ni ubao na chaki tu.