Programu ya bure ya kuchezea DVD kwenye Windows 10

Bi. Mwanahawa, Tanga
Habari zenu, ndugu zangu. Kompyuta yetu ya mezani hapa nyumbani ina Windows 10. CD za kaswida inazicheza vizuri, lakini nikiweka DVD ya harusi ya mdogo wangu, naona folda ya VIDEO_TS na faili zake, ila Windows Media Player inakataa kuicheza. Microsoft wanayo programu ya kazi hiyo, lakini ni ya kulipia. Je, ipo ya bure inayoaminika? Pia nina DVD ya filamu ambayo shangazi aliinunua dukani Uingereza, nayo ningependa kuitazama.

Kombo wa Kompyuta
Dada, kompyuta yako haina ubovu. Kwamba CD zinacheza si ushahidi, maana DVD husomwa kwa mwanga wa leza wa aina nyingine, lakini kwa kuwa faili za DVD unaziona, basi kifaa cha kusomea diski kinasoma. Kinachokosekana ni kisimbuzi cha kufumbua video za MPEG-2, yaani muundo wa video unaotumika kwenye DVD, ambacho Microsoft waliacha kukiweka ndani ya Windows ya kawaida kuanzia Windows 8, mwaka 2012, kwa sababu za gharama za leseni. Sakinisha programu ya bure ya VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris, Ufaransa, na ambayo hubeba visimbuzi vyake yenyewe. Ukishaifungua, bonyeza Ctrl pamoja na D, chagua DVD, kisha Play. DVD za harusi zinazochomwa na wapiga video wetu huwa na menyu zinazogoma. Ikigoma, weka tiki kwenye kisanduku cha "No disc menus" na picha itaanza moja kwa moja.

Mzee Salum
Naongeza jambo moja tu: pakua kutoka videolan.org na si kwingineko. Ukitafuta "DVD player ya bure" utaletewa kurasa zenye vitufe vikubwa vya kijani, ambavyo hukupakulia takataka za matangazo pamoja na programu yenyewe, na wakati mwingine jina la VLC ndilo linalotumika kama chambo. VLC halisi haidai malipo, wala haina matangazo.

Bi. Mwanahawa, Tanga
Ahsanteni sana. Ya harusi inacheza, baada ya kuondoa menyu kama kaka Kombo alivyoelekeza. Ya shangazi bado: Windows inaniambia nibadilishe eneo la kifaa. Nikubali?

Kombo wa Kompyuta
Usikubali kwanza. DVD nyingi za filamu zinazouzwa madukani hufungwa zicheze kwenye vifaa vya eneo fulani la dunia tu: Uingereza ni eneo la 2, sisi Afrika Mashariki ni la 5, na ile ya harusi haikusumbua kwa kuwa haina kifungo hicho. Kifaa cha kompyuta huruhusu eneo kubadilishwa mara tano tu, na baada ya hapo hubaki palepale hata ukifuta Windows na kuiweka upya. Funga ujumbe huo, kisha ifungue diski kwa VLC, ambayo mara nyingi huipita kufuli hiyo bila kugusa mpangilio wa kifaa. Vipo vifaa vichache vinavyokataa hata hivyo. Kama chako ni kimojawapo, na diski za Uingereza ndizo mtakazokuwa mnaletewa, hapo ndipo ukiweke eneo la 2 na kukiacha huko.