Nikate mizeituni mwitu ili nipandikize ile ya mafuta?

Mkulima_Mauche:
Habari zenu wanajukwaa. Nina shamba la ekari mbili Mauche, ng'ambo ya Njoro, alilotuachia mzee. Mpakani kuna mizeituni mwitu mitano mikubwa, ile tunayoita emitiot na majirani Wakikuyu mutamaiyo. Kuna kijana anazunguka akiuza vikonyo, yaani vijitawi vya kupandikiza, vya mzeituni wa ng'ambo. Anasema niikate usawa wa kiuno, apandikize vikonyo kwenye visiki, na baada ya miaka mitatu nitakamua mafuta. Amenionyesha kwenye simu utafiti wa Uhispania na Tunisia unaosifu mafuta ya mzeituni mwitu. Mama hataki hata kusikia habari ya msumeno, kwa sababu vijiti vya kutayarishia vibuyu vya mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, anavitoa hapo. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi, ndiyo siku mkataji anakuja.

Kitalu_Elburgon:
Ndugu yangu, mpigie huyo mkataji umwambie asije. Mimi ni mama wa kitalu, miche ya miti ya kienyeji ndiyo kazi yangu huku Elburgon, na suala hili linanigusa. Niruhusu niseme kwa urefu.

Kikonyo kitashika, hapo kijana amesema kweli. Mzeituni wa mafuta na huu wetu ni spishi moja, Olea europaea. Shida ni maua. Ule wa mafuta umezoea majira ya baridi ya pande za Mediterania, na bila wiki nyingi za baridi hautoi maua ya maana. Watafiti wa California walilionyesha hilo tangu miaka ya 1950: miti iliyonyimwa baridi ilibaki na majani tu. Sisi huku usiku tunaota moto, lakini ikifika saa sita mchana kila mtu amevua sweta, na ni hivyo karibu mwaka mzima. Jua hilo linafuta kazi ya baridi ya usiku. Na usidhani kisiki cha mwitu kitakiambukiza kikonyo uvumilivu wake. Tawi litakalochipuka kwenye kikonyo litafuata tabia ya mti lilikotoka. Utapata majani, mafuta hupati.

Kuhusu huo utafiti: ni wa kweli, ila si wa mti wako. Mzeituni mwitu wa pande za Mediterania, ukiwemo huo wa Uhispania na Tunisia, ndio uliozaa mzeituni wa mashambani, na ndio ambao jenomu yake, yaani ramani nzima ya vinasaba, ilichapishwa mwaka 2017. Wetu ni nasaba nyingine, cuspidata, inayoanzia Afrika Kusini, ikapita kwetu na Uarabuni hadi milima ya Himalaya na China. Nenda mpakani uvunje kitawi, ugeuze jani. Chini utaona rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kahawia, na ncha ya jani imepinda mfano wa kulabu ndogo. Ule wa Mediterania chini ni wa rangi ya fedha. Kisha minya tunda lililoiva, lile jeusi la zambarau: ni dogo, halifiki ukubwa wa ncha ya kidole, nyama yake ni utando tu juu ya kokwa. Hapo hakuna cha kukamua.

Kisiki kitachipua tena, sikatai. Lakini mti huu hukua polepole mno, na unene ulio nao leo hutauona tena maishani mwako. Mama yako yuko sahihi kabisa. Mpunguzie matawi ya pembeni, ayakaushe, ayachome, kaa lake alisuguie ndani ya kibuyu kama kawaida. Mti unabaki umesimama.

Chep_Londiani:
Naunga mkono. Huku kwetu wengi walikata wakauza makaa, kwa sababu makaa yake ni mazito na hukaa na moto. Sasa tukitaka nguzo ngumu tunatafuta mbali. Lakini niulize, hayo majani si dawa ya presha? Shangazi yangu huyachemsha.

Nesi_Kisumu:
Chep, swali lako ni zuri na lina utafiti. Mwaka 2003 wanasayansi wa Afrika Kusini walichapisha kazi juu ya majani ya mzeituni mwitu wa Afrika. Walitoa humo asidi za oleanoliki na ursoliki, wakawapa panya wa maabara ambao kwa maumbile presha yao hupanda wakila chumvi. Kipimo kilikuwa miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito, kwa wiki sita, na panya hao wakakingwa na presha kali. Inatia moyo sana. Lakini hao ni panya, na kile ni kitu kilichochujwa na kupimwa. Chai ya shangazi haina kipimo. Tafadhali, kama ana vidonge vya kliniki asiviache hata siku moja, na amwambie daktari kwamba anakunywa majani hayo, kwa sababu viwili hivyo vikishusha presha kwa pamoja anaweza kuanguka jikoni. Nawahudumia kina mama wa namna hiyo, nisikilize.

Mkulima_Mauche:
Asanteni sana. Mkataji nimeshamzuia, na mama amefurahi. Sasa nataka kuongeza miti kwenye ule mpaka wa chini. Mbegu zinaanguka kila msimu lakini miche siioni.

Kitalu_Elburgon:
Kokwa ni gumu ndiyo maana. Njiwa na ndege wengine hula tunda na kuzisambaza. Huko Australia, walikoupeleka karne ya 19, ndege wameueneza mpaka unahesabiwa magugu. Kwako fanya hivi: okota matunda meusi, yapondeponde kwa mkono ndani ya maji mpaka nyama itoke yote, uzianike mbegu kivulini. Kisha gonga kokwa moja moja kwa jiwe, taratibu, lipasuke bila kuumiza kiini. Loweka kwa maji baridi siku mbili, upande kwenye mchanga wenye unyevu. Zitaota kwa zamu, nyingine baada ya miezi, kwa hiyo usimwage mchanga mapema. Ukikwama, kituo cha KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, kiko Londiani, waulize mbegu huko. Na ukishapanda, zungushia miiba, mbuzi wanayapenda hayo majani machanga.